Kusoma Alama za Dini Barabarani

Muhula huu Chama cha Uchoraji kiliomba ruhusa ya kuupamba ukuta wa shule unaoelekea barabara, na mara yakazuka mabishano. Wengine walitaka msalaba na njiwa, wengine walitaka hilali na maandishi ya Kiarabu, na mzazi mmoja akasema kwamba afadhali ukuta ubaki mtupu kuliko kuwagawanya watoto. Mhariri ameniomba niandike kidogo juu ya jambo hili, kwa kuwa mimi ndiye nifundishaye uchoraji. Lakini sitaanza na ukuta. Nitaanza na magari, maana huko ndiko watu wetu walikozoea kuichora dini mbele ya macho ya kila mpita njia, na mtu asiyejua kuyasoma magari hataweza kuamua vema juu ya ukuta.

Nendeni stendi ya Kasulu asubuhi na mapema, kabla vumbi halijatimka. Tazameni lori au basi lililo tayari kwenda Kibondo au Kigoma. Juu ya kioo cha mbele, mahali ambapo kama gari lingekuwa mtu tungepaita paji la uso, mtakuta maneno kama MUNGU TANGULIA, au BISMILLAHI, au YESU NI BWANA. Sasa zungukeni mtazame nyuma. Huko maneno hubadilika. Mtasoma HASIDI HANA SABABU, au MUNGU HAMTUPI MJA WAKE, au NI KWA NEEMA TU. Tena jina la Mungu laweza kuwapo pande zote mbili, lakini hasemi naye kwa namna moja. Maneno ya mbele ni dua: mwenye gari anasema na Mungu juu ya njia asiyoijua itakavyomtendea. Maneno ya nyuma husemwa na watu: majirani waliobaki, wenzake wa biashara, na yule aliyesema kwamba gari hilo halitamaliza mwaka. Mtu anayemshukuru Mungu nyuma ya gari lake mara nyingi anataka shukrani hiyo isomwe na mtu fulani.

Sisemi kwamba hii ni sheria. Yako magari yaliyoandikwa ovyo, na yako yaliyonunuliwa na maandishi ya mwenye kwanza ambayo mwenye sasa hakujali kuyafuta. Hata hivyo, yeyote atakayechukua daftari na kuandika kwa muda wa wiki moja, ataona kwamba mahali alama ilipowekwa hutueleza mambo mengi kuliko alama yenyewe.

Kwa nini dua iwekwe mbele? Wazazi wenu hawahitaji kufundishwa. Wanaikumbuka miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, majambazi wenye bunduki walipokuwa wakiyavizia magari katika mapori ya Kasulu na Kibondo, hata mabasi yakasafiri na askari ndani yake. Wanaikumbuka pia njia yenyewe wakati wa masika, lori likiteleza kama sabuni kwenye utelezi mwekundu, na utingo akikimbia kando na gogo mkononi ili alizuie gurudumu. Mtu aliyepita hapo akafika salama hataki kufundishwa maana ya MUNGU TANGULIA. Ndiyo sababu nasema kwamba alama ya dini iliyo barabarani, mara nyingi, hutupa habari za hofu na shukrani za mwenye chombo kuliko habari za dini yake.

Na jambo hili si geni katika nchi ya Buha. Kabla ya kuwapo lori hata moja, watu wa huku na ndugu zetu wa Burundi walikuwa tayari na desturi ya kuandika, ingawa hawakuandika kwa rangi. Waliandika kwa majina ya watoto. Mtoto anapoitwa Habonimana, jina hilo ni sentensi nzima: Mungu ndiye aonaye. Hakizimana ni Mungu ndiye aponyaye. Nzeyimana ni namtumaini Mungu. Imana ndilo jina la Mungu katika lugha hizi, nalo lilitumika kabla wamisionari hawajafika. Jina kama hilo husema na Mungu, lakini pia husema na majirani kila mama anapomwita mtoto wake uani. Yapo na majina mengine ambayo hayamtaji Mungu kabisa, bali huwajibu watu wabaya. Basi tajiri wa lori anapoliandika gari lake, anafanya yale ambayo babu yake alifanya alipompa mtoto jina. Nadhani ndiyo sababu maandishi hayo hutuingia moyoni upesi kuliko mabango ya biashara, hata kama hatujui kwa nini.

Tuje sasa kwenye picha. Fundi anayechora lori ndiye huyo huyo anayechora ubao wa kinyozi, ukuta wa duka na kibao cha kanisa, na rangi yake ni ya mafuta, ile ya kupaka milango na madirisha. Nimepata kumtazama fundi mmoja Mwislamu akimalizia Moyo Mtakatifu wa Yesu ubavuni mwa gari la mtu mwingine, kwa uangalifu mwingi, akikiweka kila kitu mahali pake: moto juu ya moyo, miiba kuuzunguka, jeraha la mkuki ubavuni, na msalaba mdogo kileleni. Picha hiyo ilienea kati ya Wakatoliki wa dunia nzima baada ya mtawa mmoja wa Ufaransa, Marguerite-Marie Alacoque, kusimulia njozi zake za miaka ya 1673 hadi 1675 katika mji wa Paray-le-Monial. Moto ni upendo, miiba ni dhambi na dharau za wanadamu. Kila kitu kina maana yake, na fundi akisahau miiba, Mkatoliki ataona kwamba kuna kitu kimepungua hata kama hawezi kusema ni nini.

Waislamu wa kwetu hawachori sura za mitume. Kwa hiyo uzuri wao wote umehamia katika herufi. Tazameni jinsi neno Masha Allah linavyopindwa likawa kama jani au kama jahazi lenye tanga. Hilo si pambo tu. Ni njia ya kuliheshimu neno lisilotakiwa kuwekewa sura. Hilali na nyota, ambazo wengi hudhani zimetoka katika Kurani, hazikuamriwa humo kuwa nembo ya Uislamu. Zilijulikana sana kwa sababu ya bendera ya dola ya Waturuki, na baadaye zikakubaliwa na watu kuwa alama yao. Na Waislamu wengi huchukia kuona aya ya Kurani imebandikwa mahali inaporukiwa na matope, au kwenye kiti ambacho mtu atakikalia. Hapo tena mahali hushinda alama: neno lile lile juu ya kioo ni heshima, na kwenye mpira wa kuzuia matope ni utovu wa adabu.

Ziko alama mbili ambazo wanafunzi huniuliza kila mwaka, nami nitakaa nazo kidogo kwa kuwa zinafundisha sana zikitazamwa pamoja. Ya kwanza ni tarakimu 786, ambayo huonekana kwenye vioo vya magari na milango ya maduka. Mwanafunzi mmoja alidhani ni namba ya leseni. Maana yake ni hii. Zamani Waarabu walizitumia herufi zao kuhesabia, kila herufi ikiwa na thamani yake: alifu ni 1, be ni 2, mimu ni 40, sini ni 60, na kuendelea. Sasa chukueni maneno ya Bismillahi Rahmani Rahimu kama yanavyoandikwa kwa Kiarabu, mkayajumlishe. Bismi ni 102. Allah ni alifu 1, lamu 30, lamu 30 na he 5, jumla 66. Ar-Rahmani ni 329 na Ar-Rahimu ni 289. Jumlisheni wenyewe: mtapata 786. Desturi hii imeenea zaidi kati ya Waislamu wa India na Pakistan, na wafanyabiashara wao wameijulisha pwani yetu na bara. Faida yake ni kwamba karatasi au kibao chenye namba kikitupwa jaani, jina la Mungu halikukanyagwa. Wapo masheikh wasioikubali, wakisema kwamba hesabu haiwezi kuchukua mahali pa jina lenyewe. Mjue mjadala huo upo.

Ya pili ni samaki aliyechorwa kwa mistari miwili tu iliyopinda ikapishana mkiani. Wakristo wa kwanza katika dola ya Warumi walimtumia. Katika Kiyunani samaki huitwa ikhthus, na kila herufi ya neno hilo ilichukuliwa kuwa mwanzo wa neno jingine: Yesu, Kristo, wa Mungu, Mwana, Mwokozi. Kwa hiyo yule samaki si chakula wala si uvuvi, ingawa watu wa Ujiji na Kibirizi wangependa iwe hivyo. Ni imani nzima iliyofupishwa katika neno moja, kisha neno likafupishwa katika picha. Mmoja aligeuza herufi kuwa namba, mwingine aligeuza herufi kuwa mnyama, na wote wawili walitaka jambo moja: kusema neno takatifu bila kulitaja waziwazi. Basi lenye 786 na pikipiki yenye samaki husimama bega kwa bega stendi, na vijana wanaowapita hawajui kwamba vyombo hivyo viwili vinatumia ufundi mmoja.

Nyingine nitazipita upesi. Simba mwenye taji na bendera mkononi, anayechorwa pamoja na Bob Marley kwenye vyombo vya vijana, ni Simba wa Yuda wa Biblia. Wafalme wa Ethiopia walimfanya nembo yao, na Marasta wakamchukua kwa heshima ya Haile Selassie. Jina SAFINA, lipendwalo kwa mabasi na mashua, ni la Nuhu, na Nuhu ni wa Biblia na wa Kurani pia, kwa hiyo huwezi kujua dini ya mwenye chombo kwa kulisoma. Njiwa naye ni wa Nuhu, kisha ni wa ubatizo wa Yesu, na siku hizi ni wa amani kwa watu wote, hata wasio na dini.

Sasa nataka tuvuke ziwa. Ng'ambo ya Tanganyika iko Kongo, nasi hapa Kasulu tunawajua Wakongo vema, kwa kuwa kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani mwetu mwaka 1996, na Kiswahili chao tunakisikia sokoni. Katika mji wa Lubumbashi, katika miaka ya 1970, walikuwako wachoraji waliochora picha kwa ajili ya watu wa kawaida, wakazitembeza mitaani na kuziuza kwa bei ambayo karani au mfanyakazi wa mgodi angeweza kuilipa. Mmoja wao alikuwa Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Alichora juu ya nguo ya magunia ya unga. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea Johannes Fabian, mtaalamu wa mambo ya watu, picha zipatazo 100 zinazosimulia historia ya nchi yake tangu zamani, kisha wakaketi na kuzungumza juu ya kila picha kwa Kiswahili cha huko. Fabian alichapisha picha na mazungumzo hayo katika kitabu mwaka 1996.

Kati ya picha hizo imo ya kifo cha Patrice Lumumba, aliyeuawa tarehe 17 Januari 1961 pamoja na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito. Tshibumba aliwachora watu watatu wamelala chini. Lumumba ana jeraha ubavuni. Nyuma yao, kwa mbali, imesimama misalaba mitatu. Mtu aliyepata kwenda kanisani hata siku moja ya Ijumaa Kuu anajua mara moja ni mlima gani huo. Damu itokayo ubavuni inaandika ardhini neno la Kifaransa lenye maana ya umoja. Mchoraji mwenyewe alieleza kwamba kwake yeye Lumumba alikuwa kama Bwana Yesu wa nchi yao, aliyekufa kwa ajili ya umoja wao.

Tazameni ufundi wa jambo hili. Hakuna mtu aliyewahi kusimamisha misalaba mahali pale, wala Lumumba hakuuawa kwa mkuki. Kama ni ushahidi wa mahakamani, picha hii ni ya uongo. Lakini kila aliyeinunua akaitundika sebuleni aliielewa bila maelezo. Mchoraji alikuwa na jambo zito la kusema, akatafuta alama ambazo watu wake walikuwa nazo tayari. Hapa msalaba hautumiki kumwita mtu kanisani. Unatumika kusema: hawa walikufa bila hatia, na kifo chao ni chetu. Pengine wapo Wakristo watakaoona amevuka mpaka kumlinganisha mtu wa siasa na Yesu, nami sitawagombeza. Ila nisingependa mwanafunzi wangu aseme hivyo kabla hajaihesabu misalaba.

Kwa Waislamu wanaodhani kwamba dini yao haina picha mitaani popote duniani, inafaa kutaja Dakar, mji mkuu wa Senegal. Huko kuta za nyumba, maduka na magari zimejaa sura ya Sheikh Ahmadou Bamba, mwanzilishi wa tarika ya Wamuridi, aliyefariki mwaka 1927. Picha yake ijulikanayo ni moja tu, iliyopigwa mwaka 1913, Wafaransa walipokuwa wakimchunga. Amevaa kanzu nyeupe, kitambaa kimezunguka kichwa, na jua kali limeuficha uso nusu kivulini. Wachoraji wote wa mjini huinakili picha hiyo moja pamoja na kivuli chake, na waumini husema kwamba kuiona tu ni baraka. Haya ni Waislamu kwa Waislamu, na hawafanani na wa Ujiji.

Serikali nazo huingia. Nairobi, ambako matatu zilichorwa kuliko gari lolote la nchi hizi, Yesu na wanamuziki wakiwa ubavu mmoja, kanuni za waziri John Michuki zilizoanza kutumika Februari 2004 ziliamuru mstari wa manjano kulizunguka gari, na michoro ikapungua sana. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta alitaka vijana waachiwe wachore tena, na rangi zikarudi. Sababu yake ilikuwa kazi: mchoraji naye ana watoto wa kulisha.

Basi turudi kwenye ukuta wetu. Mkinifuata tangu mwanzo, mmeona kwamba swali la kwanza si kwamba alama ni nzuri au mbaya, bali ni nani anayesema, na anasema na nani. Mwenye lori akiandika YESU NI BWANA, anasema yeye, kwa kinywa chake, juu ya chombo alichokinunua kwa jasho lake. Asiyekubali atapanda gari jingine. Tshibumba naye alisema kwa jina lake, na mnunuzi alichagua. Lakini ukuta wa shule ya serikali husema kwa kinywa cha nani? Husema kwa kinywa cha wote waliomo ndani, na mtoto asiyekubali hana shule nyingine ya kupanda. Katiba ya nchi yetu, ibara ya 19, humpa kila mtu uhuru wa imani, na pia huuweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Shule hii ni mali ya mamlaka hiyo. Kwa hiyo mimi nasimama na yule mzazi kwa nusu ya maneno yake: msalaba usichorwe ukutani, wala hilali, wala vyote viwili pamoja, kwa kuwa hata vikiwekwa viwili atabaki mtoto wa tatu. Wala nisingependa tumkimbilie njiwa kwa kujidai kwamba ni wa wote, huku kila mmoja anajua moyoni alimtoa wapi. Ukuta uchorwe milima, migomba na ng'ombe wa pembe ndefu.

Lakini nusu ya pili ya maneno yake siikubali, ile ya kwamba tusipoonyesha kitu hatutagawanyika. Watoto wasioulizana hugawanyika kimyakimya. Nimemwomba Mkuu wa Shule, naye amekubali, kila mwanachama wa Chama cha Uchoraji apewe ubao mmoja wa miguu miwili kwa mguu mmoja na nusu. Achore alama anayoipenda, ya dini au isiyo ya dini, aandike jina lake chini, na siku ya wazazi asimame kando ya ubao wake aieleze kwa yeyote atakayeuliza. Hapo anayesema atajulikana ni nani.

Wale wa Kidato cha Tatu wataendelea na madaftari yao wakati wa likizo. Andikeni maneno kama yalivyo, pamoja na makosa ya herufi, na mwandike yalikuwa mbele, nyuma, ubavuni au ndani. Namba za magari msiandike, hatufanyi kazi ya polisi. Mkitaka kujua sababu ya maneno fulani, msimfuate dereva anapopakia mzigo. Ngojeni akae kunywa chai, mwamkieni kwanza, kisha mumwulize jina hilo alilitoa wapi. Wengi watacheka, halafu watawaeleza habari ndefu.